Magemu ya DOS kibandani: mtoto abofye picha, gemu lianze

SWALI: Nina kibanda cha magemu hapa Ngamiani, Tanga. Mbali na PlayStation nimepata kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 780 yenye Core 2 Duo, RAM GB 2 na Windows 7 ya biti 64. Nimepewa flashi yenye magemu ya zamani ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows): Tyrian, One Must Fall 2097, Prince of Persia na mengineyo. Nataka watoto wabofye picha tu gemu lianze, wasiandike amri yoyote. Nikiyafungua moja kwa moja Windows inayakataa. Nimesakinisha D-Fend Reloaded: mengine yanafunguka na kujifunga hapo hapo, la magari linaisha kabla mtoto hajashika kibodi, mengine yana muziki lakini hayana milio, na moja linaleta Runtime error 200. Wawili wakicheza kwa kibodi moja vitufe vinagoma, na pedi inavuta kushoto yenyewe. Nifanyeje? Na je, naruhusiwa kutoza hela?

JIBU: Ndugu yangu, kompyuta hiyo inatosha, na kizinduzi ulichochagua, yaani programu ya kuanzishia magemu, kinaifaa. Kabla ya kugusa chochote, fahamu kwamba D-Fend Reloaded haiendeshi gemu. Anayeendesha ni DOSBox, emuleta inayojifanya kompyuta nzima ya zamani, yenye prosesa yake, kadi yake ya sauti na diski yake C. D-Fend inakuonyesha orodha na picha, inaandika faili la mipangilio, inaikabidhi DOSBox faili hilo, kisha inakaa pembeni. Kwa hiyo karibu kila tatizo ulilotaja liko ndani ya faili hilo, na faili lenyewe ni maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa Notepad.

Windows yako inayakataa magemu hayo kwa sababu ni ya biti 64. Programu za DOS ni za biti 16, na prosesa ikishaingia katika hali ya biti 64 haina tena ile njia ambayo Windows za biti 32 ziliitumia kuziendesha. Usihangaike kutafuta Windows 7 ya biti 32 kwa ajili hii. Hata huko, magemu mengi yangekataa kujaza skrini na sauti ingesumbua. DOSBox ndiyo njia, na kwenye Windows ya biti 64 inafanya kazi vizuri tu.

Anza na folda, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Usiweke magemu ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista, programu ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows inaweza kuyapeleka maandishi hayo kwa siri kwenye folda ya VirtualStore iliyo ndani ya akaunti ya mtumiaji. Mtoto anahifadhi mchezo leo, kesho anaingia kwa akaunti nyingine, haoni kitu. Tengeneza C:\MAGEMU, na ndani yake folda moja kwa kila gemu: C:\MAGEMU\TYRIAN, C:\MAGEMU\OMF, na kadhalika. Majina ya folda yasizidi herufi nane, yasiwe na nafasi wala alama za ajabu. DOS inajua majina ya herufi nane na kiambishi cha herufi tatu tu, kwa hiyo folda uliyoiita "Gemu la Magari" itaonekana kwa DOSBox kama GEMULA~1, na amri yoyote inayotafuta jina refu itaikosa.

Kama gemu limo ndani ya zip, lifungue kwanza, kisha angalia kama limejificha ndani ya folda ya pili. Hili hutokea sana: unakuta C:\MAGEMU\TYRIAN\TYRIAN\TYRIAN.EXE. Vuta mafaili yapande ngazi moja.

Sasa fungua D-Fend. Bofya Add, chagua kuongeza kwa msaada wa wizard (dirisha la kukuongoza hatua kwa hatua), na uchague DOSBox. Itakuuliza faili la kuanzisha gemu na faili la kuweka mipangilio ya gemu. La kwanza ni TYRIAN.EXE, la pili kwa kawaida ni SETUP.EXE. Yajaze yote mawili, kwa sababu hilo la pili utalihitaji kwa sauti. Ukimaliza, fungua wasifu wa gemu hilo, yaani mipangilio yake, kwa ajili ya kuuhariri, nenda sehemu ya diski, na uhakikishe kwamba C inaelekea C:\MAGEMU. Isielekee C:\ nzima: DOSBox yenyewe inaonya juu ya jambo hilo, na onyo lake ni la haki, kwani programu iliyo ndani ya emuleta itakuwa na uwezo wa kufuta mafaili yako ya Windows. Weka pia alama kwenye chaguo la kufunga DOSBox gemu likiisha. Usiweke alama hiyo kabla gemu halijafanya kazi. Sababu nitaieleza hapo chini.

D-Fend Reloaded toleo la mwisho ni 1.4.4 la mwaka 2015, na inakuja na DOSBox 0.74 ndani yake. Unaweza kupakua DOSBox 0.74-3 ya mwaka 2019, ambayo kisakinishi chake ni kama MB moja na nusu tu, hivyo hakitamaliza bando lako, kisha katika mipangilio ya D-Fend ukaielekeza kwenye folda ya DOSBox hiyo mpya. Kuna vizinduzi vingine. DBGL ya Ronald Blankendaal imeandikwa kwa Java na inafaa pia kwa Linux na Mac. Vile vyenye majalada makubwa yanayoteleza vinapendeza macho, ila kwa RAM GB 2 vitakula kumbukumbu ambayo huna ya kugawa. Kwa mashine yako ningebaki na D-Fend bila wasiwasi.

Hili hapa ni faili la mipangilio la kawaida kwa Tyrian, ukiliandika kwa mkono wako. D-Fend inaandika mambo haya haya, kwa urefu zaidi:

[sdl]
fullscreen=true
fullresolution=1280x1024
output=ddraw

[dosbox]
machine=svga_s3
memsize=16

[render]
aspect=true
scaler=normal2x

[cpu]
core=auto
cycles=fixed 20000

[sblaster]
sbtype=sb16
sbbase=220
irq=7
dma=1
hdma=5

[joystick]
joysticktype=2axis
timed=false

[autoexec]
mount c C:\MAGEMU
c:
cd TYRIAN
TYRIAN.EXE
exit

Ukilihifadhi kama C:\MAGEMU\CONF\TYRIAN.CONF, unaweza kutengeneza njia ya mkato ya Windows yenye mstari huu, na ikafanya kazi hata bila D-Fend:

"C:\DOSBox\DOSBox.exe" -conf "C:\MAGEMU\CONF\TYRIAN.CONF" -noconsole

Badilisha njia ya DOSBox kulingana na mahali ulipoisakinisha. Neno -noconsole linaficha lile dirisha jeusi la pili linaloonyesha taarifa. Kwa kibanda, ushauri wangu ni huu: D-Fend iwe ya kwako wewe mwenye kibanda, ya kujaribia na kupangia. Watoto waone desktopu yenye njia za mkato tu, aikoni zikiwa kubwa, kila moja na picha ya gemu lake. D-Fend yenyewe ina uwezo wa kukutengenezea njia ya mkato ya gemu kwenye desktopu, au uandike mstari ule wa juu. Mtoto akiiona D-Fend yenyewe, ataona pia kitufe cha kufuta.

Tuje kwenye kasi, maana ndilo jambo linaloharibu magemu mengi ya zamani na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya MHz 4.77. Waandishi wengi wa magemu wa wakati ule hawakutumia saa kupima mwendo. Walihesabu mizunguko: gari lisogee hatua moja, prosesa ihesabu hadi namba fulani, gari lisogee tena. Prosesa ikiwa na kasi mara mia, hesabu inaisha mara mia upesi, na gari linafika mwisho wa barabara kabla mtoto hajaweka kidole. Hilo ndilo gemu lako la magari. Dawa yake ni mstari wa cycles, unaosema DOSBox itekeleze maagizo mangapi kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa makadirio, mizunguko 300 ni kama ile PC ya mwanzo. 286, 386 na 486 ni vizazi vya prosesa vilivyofuatana baada yake: 3000 inakaribia kompyuta ya 286 yenye nguvu. Kati ya 6000 na 8000 ni 386 ya MHz 33, na 25000 hivi ni 486 ya MHz 66. Kwa hiyo tazama mwaka wa gemu. La kati ya 1981 na 1986, anza na 300 upande taratibu. La 1990, kama Prince of Persia ya DOS, 3000 hadi 5000 inatosha. Tyrian ya 1995 na One Must Fall ya 1994 zinataka nguvu ya 486. Ukiwa ndani ya gemu, Ctrl na F12 inaongeza mizunguko, Ctrl na F11 inapunguza. Ondoa kujaza skrini kwa Alt na Enter, na utaona juu ya dirisha maandishi kama Cpu speed: 3000 cycles. Rekebisha mpaka mwendo uridhishe, soma namba hiyo, iandike kwenye wasifu wa gemu, umemaliza. Usiache gemu la zamani kwenye cycles=max; neno hilo linaiambia emuleta itumie nguvu yote iliyopo.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mtu akiona gemu linakwama, anapandisha mizunguko zaidi, nalo linazidi kukwama. DOSBox 0.74 inafanya karibu kazi yake yote kwenye kiini kimoja cha prosesa, hivyo ule wingi wa viini hauisaidii. Ukidai mizunguko mingi kuliko kiini hicho kinavyomudu, sauti inakatika-katika na picha inaruka. Fungua Task Manager: kama DOSBox inakaribia asilimia 50 kwenye Core 2 Duo yako yenye viini viwili, maana yake kiini kimoja kimejaa. Hapo shusha, usipandishe. Magemu ya hadi 1994 hivi hayatakusumbua kwenye mashine hiyo. Ya 1996 na kuendelea, hasa yenye picha kali za SVGA, yataanza kuilemea.

Runtime error 200 nayo ni tatizo la kasi, ingawa ujumbe wake unataja kugawanya kwa sifuri. Magemu yaliyoandikwa kwa Turbo Pascal, programu ya zamani ya kuandikia programu nyingine, yalitumia sehemu iitwayo CRT, ambayo programu inapoanza hupima kasi ya kompyuta kwa kuhesabu ni mizunguko mingapi inapita katika takribani milisekunde 55, kisha inagawanya kwa 55. Kwenye prosesa yenye kasi, jibu linakuwa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengwa, na programu inaanguka kabla hata ya kuonyesha picha ya kwanza. Weka cycles=fixed 5000 kwenye wasifu wa gemu hilo. Likishaanza, pandisha kwa Ctrl na F12 kama linahitaji. Kipimo kile kinafanyika mara moja tu, mwanzoni.

Sauti. Umesema muziki upo lakini milio haipo, na taarifa hiyo inatosha kujua kosa liko wapi. Muziki wa magemu mengi ulipigwa kwa chipu ya AdLib, ambayo haihitaji namba ya IRQ wala DMA, yaani namba za njia ambazo kadi ya sauti inatumia kuwasiliana na kompyuta. Milio ya risasi na sauti za watu inapitia Sound Blaster, nayo inazihitaji zote mbili. Programu nyingi za SETUP zinapendekeza IRQ 5, kwa sababu kadi nyingi halisi zilikuwa hapo. DOSBox kwa kawaida imekaa IRQ 7. Gemu linasubiri taarifa kwenye mlango wa tano, nayo inabisha mlango wa saba.

Kwa hiyo endesha faili la SETUP kupitia D-Fend, si kwa kulibofya ndani ya Windows. Chagua Sound Blaster, au Sound Blaster 16 kama ipo, kisha weka anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Kama inauliza DMA ya juu, weka 5. Kwa muziki chagua AdLib au Sound Blaster. Ukiona General MIDI itafanya kazi pia kwa anwani 330, lakini sauti yake itatoka kwenye Windows na kwa masikio yangu magemu ya mwanzo wa miaka ya 1990 yana ladha zaidi kwa AdLib. Jaribu mlio ukiwa ndani ya SETUP, uhifadhi, utoke. Kama sauti inatoka lakini inakwaruza na mizunguko umeshashusha, nenda sehemu ya mixer: ongeza prebuffer kutoka 20 hadi 40, na blocksize kutoka 1024 hadi 2048. Mlio utachelewa kidogo sana, ila utakuwa safi.

Yale yanayofunguka na kujifunga: hapo ndipo lile neno exit la mwisho linapokuficha ukweli. Gemu limeshindwa, limeandika sababu, na sekunde hiyo hiyo DOSBox imefungwa. Ondoa alama ya kufunga, au futa exit kwenye faili, uendeshe tena na usome kilichoandikwa. Illegal command maana yake jina la faili au folda umelikosea. This program requires Microsoft Windows maana yake gemu hilo si la DOS kabisa, ni la Windows 3.1 au 95, na DOSBox tupu haiwezi kulianzisha. Kama linalalamika kuhusu CD, linataka diski D.

Kwa la CD, tumia nakala ya CD iliyo kwenye faili, kisha ongeza mstari huu kwenye sehemu ya [autoexec] ya faili la mipangilio, kabla ya jina la gemu:

imgmount d "C:\MAGEMU\CD\GEMU.CUE" -t iso

Ukiwa na chaguo, chukua nakala ya aina ya cue na bin badala ya iso. Magemu mengi ya CD yaliweka muziki kama nyimbo za kawaida za CD pembeni ya data. Faili la iso linabeba data peke yake, nyimbo zinabaki nyuma, na gemu linaanza bubu. Kama una CD zenyewe, zinakili mapema. Unyevu wa pwani yetu na chumvi ya hewani havizipendi CD, na zikishaanza kuota madoa upande wa lebo, hazisomeki tena hata uzifute vipi.

Picha sitaiongelea sana. Kama monita yako ni ile Dell ya mraba ya inchi 17, kipimo chake ni 1280 kwa 1024, na ndicho nilichokiweka juu. Kama ni tofauti, weka kipimo chake. Mstari wa aspect=true usiuache. Magemu mengi yalichorwa kwa nukta 320 kwa 200 lakini yakaonyeshwa kwenye kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo bila mstari huo magurudumu yanabonyea na watu wanakuwa wafupi. Usitumie output=surface, haivuti picha kujaza kioo. Kama ddraw inaleta skrini nyeusi, jaribu openglnb.

Sasa wachezaji wawili. Vitufe havigomi kwa sababu ya DOSBox. Ndani ya kibodi za bei nafuu, vitufe vimepangwa kwa mistari na safu za nyaya. Vitufe vitatu vikibonyezwa vikiwa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja wa nyaya hizo, kibodi haiwezi kujua kama cha nne nacho kimebonyezwa, basi kwa usalama inakinyamazisha kimoja. Mtoto mmoja anaruka huku anapiga, mwenzake anabonyeza wakati huo huo, na pigo lake linapotea. Kwenye One Must Fall, ambapo roboti mbili zinapigana na kila pigo ni mchanganyiko wa vitufe, hilo linazua ugomvi wa kweli kati ya watoto, maana aliyepigwa ana haki ya kulalamika.

Suluhisho la bei nafuu kuliko yote ni kuchomeka kibodi ya pili ya USB. Kila kibodi ina nyaya zake, na Windows inazipokea zote mbili kana kwamba ni moja, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Mpe kila mtoto kibodi yake na vitufe vyake. Kibodi ya mtumba inatosha. Kama huna nafasi mezani, ndani ya gemu wapangie kitufe cha kupiga kiwe Ctrl, Shift au Alt: hivyo kwa kawaida vina nyaya zake pembeni na havigongani na vingine.

Pedi kuvuta kushoto kunatokana na jinsi DOSBox inavyoigiza ule mlango wa zamani wa joistiki, ambao ulipima mkao wa mpini kwa muda. Mstari wa timed=false huwa unaliondoa tatizo hilo. Likibaki, fanya upimaji upya ndani ya gemu kama lina chaguo hilo. Na kama gemu halijui joistiki kabisa, bonyeza Ctrl na F1 likiwa limefunguka. Itatokea ramani ya kibodi. Bofya kitufe, kwa mfano mshale wa juu, bofya Add, kisha sukuma pedi juu. Endelea hivyo kwa vitufe vyote, bofya Save, halafu Exit. Kuanzia hapo gemu linadhani mtoto anabonyeza kibodi. Ramani hiyo inahifadhiwa kwenye faili, na ukitaka kila gemu liwe na ramani yake, taja faili tofauti kwenye mstari wa mapperfile katika sehemu ya sdl.

Kwa ulinzi wa mashine, watengenezee watoto akaunti ya Windows isiyo na mamlaka ya kusimamia. Kijana anayekushikia kibanda ajue mambo mawili: Ctrl na F10 inaachia kipanya kilichonaswa ndani ya dirisha, na Ctrl na F9 inaiua DOSBox papo hapo. Hiyo ya pili asiwafundishe watoto, kwani mchezo ambao haujahifadhiwa unapotea.

Magemu yakishakuwa sawa yote, nakili folda nzima kuwa C:\MAGEMU_SAFI na usiiguse tena. Kila asubuhi, au kila umeme unapokatika katikati ya mchezo na gemu likakataa kufunguka, endesha amri hii kwenye Command Prompt:

robocopy C:\MAGEMU_SAFI C:\MAGEMU /MIR

Inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Inafuta pia alama za juu na michezo iliyohifadhiwa, kwa hiyo kama wateja wako wanarudi kuendeleza pale walipoishia, nakili kwanza mafaili yao kwenye flashi. Angalia sana mpangilio wa folda hizo mbili: ukizigeuza, utaifuta nakala safi kwa nakala mbovu. Ni salama zaidi kuiandika mara moja ndani ya faili la .bat na kuliacha kwenye akaunti yako.

Kuhusu kutoza hela, hapa naomba uwe makini. Gemu kuwa la zamani hakulifanyi kuwa huru. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na miaka iliyopita tangu 1990 haijamaliza ulinzi huo. One Must Fall 2097 iliachiwa bure na wenyewe mwaka 1999, na Tyrian 2000 mwaka 2004. Lakini kuachiwa bure kucheza ni jambo moja, kutoza umma ni jambo jingine, na ruhusa hiyo inategemea maneno ya leseni yenyewe. Ndani ya folda ya gemu tafuta faili kama README, LICENSE au VENDOR.DOC, lifungue kwa Notepad na usome sehemu ya usambazaji na matumizi ya kibiashara. Yale ya majaribio, kama sehemu ya kwanza ya Doom ya 1993 au Wolfenstein 3D ya 1992, yana masharti yake pia, na mengi yanaruhusu kugawa bila kubadilisha, si kuuza muda wa kuyachezea. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo mahali pa kuuliza ukikuta maneno usiyoyaelewa.

Prince of Persia haijaachiwa bure, basi iondoe kwenye desktopu ya kibanda. Anza na One Must Fall na Tyrian: zote zinachezeka na wawili, Kiingereza chake si kingi, na zikishakaa vizuri na kibodi mbili, utakuwa na wasifu wa kunakili kwa kila gemu utakaloongeza.